Risasi ya Uluguru iliyopimwa Vienna

Enzi za Wajerumani, wachimbaji katika milima ya Uluguru walifuata ulanga, ule unaobanduka tabaka kwa tabaka na kung'aa kama kioo. Huko Ulaya uliwekwa kwenye vidirisha vya majiko na vifaa vya umeme. Lakini mwamba huohuo ulificha pia mawe meusi yaliyovaa ganda la unga wa manjano, mazito mno kwa umbo lake: ukilishika moja la ukubwa wa ngumi, mkono unashuka. Yalikuwa mawe ya urani.

Mwaka 1906, reli ya kutoka Dar es Salaam ikiwa haijafika Morogoro, mkemia Wilhelm Marckwald wa Berlin aliyachunguza. Ule unga wa manjano ukawa madini mapya kwa sayansi. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford, na hadi leo orodha za madini hutaja asili yake kuwa Uluguru.

Jiwe jeusi lenyewe lilibeba jambo kubwa zaidi. Atomu za urani humomonyoka polepole sana, na mwisho wake huwa risasi. Nasema ile metali laini ya betri za magari. Tangu zama za mkemia Dalton, wakemia walishika kwamba kila elementi ina uzito mmoja wa atomu. Mwaka 1913 mkemia Frederick Soddy alidai kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzito tofauti, akaziita isotopu. Kama ni kweli, risasi iliyozaliwa na urani ingekuwa nyepesi kuliko risasi ya kawaida, yenye uzito wa takriban 207.2.

Kazi ya kupima iliwaangukia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, katika Taasisi ya Radiamu ya Vienna. Walianza na mawe ya Joachimsthal, Bohemia, wakapata 206.736. Tofauti ilionekana, ila mawe yale yalikuwa na risasi ya kawaida ndani yake. Wakageukia jiwe la Morogoro, lile jeusi la Uluguru, lililo safi zaidi. Waliitoa risasi ndani yake, wakaisafisha tena na tena, wakaigeuza kloridi, wakaiyeyusha kwa moto ndani ya mkondo wa gesi, kisha wakalinganisha uzito wake na wa fedha safi. Uchafu kidogo tu ungeharibu yote.

Jibu lilichapishwa mwaka 1915: 206.046, nyepesi kuliko risasi ya kawaida, kama Soddy alivyodai.

Naumia kwamba vitabu vyetu vya kemia hufundisha isotopu kwa klorini na kaboni, wakati mwanafunzi wa Matombo au Mgeta, huko Uluguru, angeweza kuanzia kwenye mlima anaouona dirishani.

Soddy alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Horovitz, Myahudi mzaliwa wa Warsaw, aliacha maabara na hatimaye akarudi kwao. Mwaka 1942 Wanazi walimuua katika kambi ya Treblinka.