Nani Aliyemhifadhi Muyaka?

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840. Diwani yake ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, William Hichens akiwa mhariri. Kwa karne nzima mashairi hayo hayakuwa na mchapishaji, wala hayakuwa na dola ya kuyatetea, maana Muyaka alikuwa mshairi wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Wamazrui waliangushwa na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837. Wengi humshukuru W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyeyapata katika miaka ya 1880. Anastahili shukrani, lakini alikuta sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa. Aliyempa mashairi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki 1890, naye aliyachukua kwa wenyeji waliokuwa bado wanayajua. Kwa hiyo nashikilia kwamba Muyaka alihifadhiwa na wasikilizaji wake, na kwamba karatasi ilikuwa msaidizi wa kumbukumbu zao.

Atakayepinga ataanza na chuo. Mombasa ya wakati ule ilijaa watu wa kalamu. Kwa nini mashairi yasiwe yamesafiri kwa nakala? Bila shaka mengine yalisafiri hivyo. Muyaka na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa shairi juu ya uhasama wa miji yao, na ubeti unaotumwa ng'ambo ya bahari huwa na haja ya karatasi. Lakini tuitazame karatasi yenyewe. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandishi aliyefuata desturi ya zamani aliweza kutumia be moja kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Hivyo baba, papa, pamba na bamba yangeweza kuandikwa sawasawa. Msomaji asiyelijua shairi angekwama kila mstari. Aliyewahi kulisikia angepita bila taabu. Nakala ya namna hiyo humfaa mtu ambaye tayari ana nusu ya shairi kichwani.

Umbo nalo lilisaidia. Utenzi wa mamia ya beti huhitaji mnakili, na kwa kweli tenzi za kidini ndizo zilizonakiliwa kwa bidii, kwa kuwa kulikuwa na thawabu ndani yake. Muyaka aliandika juu ya mapenzi, njaa, vita na kejeli za mtaani, mara nyingi kwa ubeti mmoja wa mistari minne, mizani kumi na sita kila mstari. Huo mtu huuchukua akiusikia mara mbili. Nani angemlipa mwandishi kwa kejeli?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumbukumbu huharibu. Huharibu, ndiyo, ila si kila kitu kwa kiasi kimoja. Neno likipotea katikati ya shairi, kina au mizani humuumbua msomaji papo hapo, na wasikilizaji wa Mombasa hawakuwa watu wa kunyamazia kina kilichovunjika. Kinachopotea upesi ni tukio: nani alikuwa anasutwa, jahazi gani lilikuwa limeingia, fumbo lilimlenga nani. Ndiyo maana maelezo yaliyoandikwa na Taylor pembeni ya mashairi, mengi yakitokana na Sikujua, yana thamani inayokaribia ya beti zenyewe. Bila maelezo hayo, sehemu ya diwani ingebaki vitendawili.

Lipo jambo moja ambalo vina haviwezi kulilinda, nalo ni jina la mtunzi. Mshairi mashuhuri huvuta kwake beti zisizo na mwenyewe, na ubeti mzuri wa jirani asiyejulikana ungeweza kuingia diwanini bila yeyote kukusudia kudanganya. Sioni njia ya kuzichuja zote. Ila anayetaka kuitupa diwani kwa sababu hiyo anadai uthibitisho ambao mji ule haukuuhitaji: kwao ilitosha kwamba ubeti ulisemeka kama wa Muyaka, nao walikuwa wamemsikia.