Kabla Hatujashika Njia: Historia Fupi ya Safari za Miguu



Mmeona kwenye ratiba kwamba baada ya jubilii kwaya itatembea kwa miguu kutoka hapa hadi mjini Kericho, kuchangisha pesa za mfuko wetu wa matibabu. Tangu tangazo litolewe, mabishano yamekuwa juu ya jambo moja: nani atembee? Wapo wanaotaka tuchague vijana kumi na wawili wenye mapafu, wafike mapema, picha zipigwe. Wengine wanasema kwaya ni kwaya, na akina kogo walioilea tangu mwanzo hawawezi kuachwa wakipunga mikono kando ya barabara. Mimi nimepewa kurasa hizi niandike historia. Nitaandika historia, ila msishangae nikiegemea upande.

Watu waliojua kutembea mbali kuliko wote katika nchi zetu ni wapagazi wa misafara. Kabla reli haijafika ziwani mwaka 1901 na kutuachia stesheni hii yenye jina la mkoloni Trevor Ternan, mizigo ya bara ilipanda na kushuka vichwani na mabegani mwa watu. Mpagazi alibeba kama kilo 30. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na neno hilo posho tunalo mpaka leo. Msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Palipokosekana maji walitembea hata mchana na kulala njiani bila maji. Mwendo huo waliuita tirikeza, na haukuwa wa kila siku.

Mbele ya wote alitembea kirangozi. Huyu hakuwa mwenye mbio kuliko wenzake. Alikuwa mwenye kuijua njia, na mara nyingi ndiye aliyeanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia ya Unyamwezi mwaka 1857, aliandika kwamba mtu aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini. Fikirini hilo, ninyi wa sauti ya tena. Na nyuma kabisa walikaa wanyapara, kazi yao kuwakusanya waliochoka. Kwa hiyo mwenye nguvu alizuiwa mbele na mnyonge alisukumwa nyuma, na msafara ukabaki kitu kimoja.

Walikuwa na desturi nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Siku ya kwanza hawakwenda mbali. Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta Livingstone, kambi yake ya kwanza ilikuwa kilomita kama 5 tu kutoka mjini. Haukuwa uvivu. Kambi ya karibu ndiyo iliyoonyesha mzigo gani umefungwa vibaya, nani amesahau sufuria, nani ana kidonda mguuni, na bado mtu aliweza kurudi kuchukua kilichosahaulika.

Desturi hiyo inapopuuzwa, safari hudai. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, maelfu ya Watanzania walitembea kwa miguu kuliunga mkono. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Oktoba ya mwaka huo, alitoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, akizigawa kwa siku kadhaa. Alifika salama. Lakini mwaka huohuo kijana aliyeitwa Seth Benjamin alifariki njiani akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita 600 na zaidi. Taifa lilimlilia na jina lake likatukuzwa. Ninalitaja hapa kwa sababu tunapenda kudhani kwamba ujana ni maandalizi tosha. Moyo unaweza kutaka kufika mahali ambapo mwili haujafundishwa kufika.

Na sisi wa Kericho tuna kiburi chetu cha miguu. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ililetwa na mtu wa huku, Wilson Kiprugut Chuma, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, kisha fedha Mexico mwaka 1968. Tunajivunia, na ni haki yetu. Ila mita 800 huisha kabla kogo hajamaliza kufunga lesso. Kutembea siku nzima ni kazi ya nyayo, magoti na subira, na wakimbiaji wengi huanza mwendo huo kwa kasi mno.

Kutembea kwa ajili ya kuchanga pesa, kama tutakavyofanya, ni jambo la juzi. Mwaka 1960 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilizindua kampeni ya dunia dhidi ya njaa, na katika miaka iliyofuata matembezi ya udhamini yakaenea. Kanada walianza yao, Miles for Millions, mwaka 1967. Kenya nayo ikawa na Freedom from Hunger Walk, na kuna wazee kanisani humu wanaozikumbuka fomu zile: jina la mdhamini, kiasi kwa kila maili, sahihi. Siku hizi wengi wanaijua zaidi Mater Heart Run, inayosaidia watoto wa familia maskini kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Itazameni ile fomu vizuri. Mdhamini alilipa kwa maili, si kwa dakika. Aliyefika saa nne asubuhi na aliyefika saa tisa alasiri waliuletea mfuko pesa zilezile. Tena mara nyingi aliyechelewa alileta zaidi, kwa sababu watu hufungua mfuko haraka kwa mtu wanayejua kwamba kila hatua inamgharimu. Mwaka 2012 Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa gari mwaka 2004, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akisema anaelekea Afrika Kusini, kutafuta shilingi milioni 250 za kujenga hospitali ya walioumia uti wa mgongo. Barabara ya Namanga, jua kali, malori yakimpita. Hakuhitaji kufika Afrika Kusini. Wakenya walimwona anavyokwenda polepole wakaanza kutuma pesa kwa simu ili arudi nyumbani. Angepita kwa gari la kifahari, nani angeshika simu?

Basi turudi kwetu. Fort Ternan iko chini, upande wa bonde la Nyando, na Kericho iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Maana yake tutapanda, na kupanda katika joto la miwa kisha kuingia kwenye baridi ya majani chai si mchezo kwa kifua. Mvua ya huko juu huja mchana, na milima hii ya chai ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Muulizeni mchuma chai yeyote. Kwa hiyo tutafanya kama wapagazi: tuondoke saa kumi na moja alfajiri, na sehemu kubwa ya safari iwe nyuma yetu kabla mawingu hayajajikusanya.

Maandalizi ni wiki kumi. Jumamosi ya kwanza tutatembea saa moja tu, hata kama vijana watacheka. Kila wiki tutaongeza kidogo, na wiki ya mwisho tutapunguza ili miguu ipone. Viatu vipya visivaliwe siku ya safari. Vivaliwe sasa, shambani na sokoni, mpaka visahau kwamba ni vipya. Malengelenge yamewarudisha nyumbani watu wengi kuliko uchovu. Mwenye kisukari au presha amwone daktari kwanza, na dawa zake azibebe mwenyewe, zisiwekwe kwenye gari la mizigo. Tukio kama hili polisi hupewa notisi, si chini ya siku tatu kabla wala si zaidi ya kumi na nne, na katibu ameshaanza kuiandika barua hiyo. Tutembee upande wa kulia, tukiyaona magari yanayokuja, na wa mbele na wa nyuma wavae vizibao vinavyong'aa.

Kuhusu kasi, sisi tuna kipimo ambacho timu nyingine hazina. Mtu akiweza kuimba ubeti mzima akiwa anapanda, bila kukata neno katikati, mwendo ni sawa. Akishindwa, tunakwenda mbio. Kwa hiyo napendekeza kirangozi wetu awe alto mkongwe kuliko wote atakayejaliwa afya ya kutembea, na yeyote atakayempita atozwe faini ya shilingi mia moja, iingie mfukoni. Kwa jinsi ninavyowajua vijana wa besi, mfuko utanona. Atakayechoka atapanda gari la maji pale atakapochoka, na kilomita alizotembea zitahesabiwa zote.

Mazoezi ya kwanza ni Jumamosi baada ya sherehe, tukianzia stesheni. Njooni na soksi za akiba. Mursik itakuwepo tukirudi, si kabla.