Chombo cha Ndani: Manas na Buddhi kwa Kiswahili

Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, wafanyabiashara wa Kigujarati walipata njia nyepesi ya kufika chini ya milima ya Uluguru. Walikuja na lugha yao, na ndani ya lugha hiyo yalikuwamo maneno ya kale sana ya kuelezea yanayopita ndani ya mwanadamu. Leo wajukuu na vitukuu wao huuliza maswali ya dini kwa Kiswahili, na majirani wetu wanaoshiriki nasi Diwali huuliza kwa lugha hiyohiyo. Nasi tukiwajibu, mara nyingi tunalibebesha neno moja, akili, mizigo minne.

Wahenga wetu waliitenga mizigo hiyo mapema. Katika Katha Upanishad, kijana Nachiketa anafundishwa na Yama, mungu wa mauti, kwa mfano wa gari la farasi. Mwili ni gari, milango ya fahamu ni farasi, manas ni hatamu, buddhi ndiye mwendeshaji, na atman ndiye mwenye gari aliyeketi ndani. Hapa kwetu, ambako mbung'o waliwafanya farasi kuwa wanyama adimu, mtoto huelewa upesi zaidi akiambiwa habari za gari linalopanda kwenda Mgeta: usukani ni manas, dereva ni buddhi. Mwenye safari si usukani wala dereva.

Baadaye Ishvarakrishna, katika Samkhyakarika, alihesabu viungo vitatu vya ndani: buddhi, ahamkara na manas. Walimu wa Vedanta wakaongeza cha nne, chitta, na vyote kwa pamoja vikaitwa antahkarana, yaani chombo cha ndani. Jambo ambalo wageni hulipokea kwa mshangao ni kwamba kwa Samkhya chombo hicho chote, hata buddhi yenye kuamua, ni cha upande wa maumbile. Ni chombo tu. Anayeshuhudia ni mwingine.

Mafundisho haya yalizoea kusafiri. Katika karne ya 6 mtawa Paramartha aliitafsiri Samkhyakarika kwa Kichina. Katika karne ya 11 al-Biruni alitafsiri mafundisho ya yoga ya Patanjali kwa Kiarabu, na katika kitabu chake kikubwa juu ya India, kilichokamilika yapata mwaka 1030, alieleza kwamba manas ni nia inayoziongoza hisi, nayo hukaa moyoni. Lugha aliyoitumia ndiyo iliyokuja kukipa Kiswahili maneno akili, nafsi, roho na fahamu. Kwa hiyo anayedhani kwamba fikra za Kihindu ni ngeni mno kwa msamiati wetu amechelewa kwa miaka elfu moja hivi.

Al-Biruni anatusaidia pia kuchagua. Manas tunaiita moyo, maana Mswahili husema moyo wake unasita, moyo hautaki. Na Mgujarati husema vivyo hivyo juu ya man yake. Kusitasita huku, kutaka na kukataa, ndiyo kazi ya manas. Buddhi, inayokata shauri, ndiyo inayostahili kuitwa akili.

Ugumu uko kwenye ahamkara. Wengi huitafsiri kuwa kiburi, nasi hatukubali. Aham ni mimi, na kara ni kufanya: ni kile kinachofanya kila jambo liwe "langu". Mtoto akifundishwa kwamba ni kiburi, atadhani mtu mpole hana ahamkara. Kumbe anayo hata mgonjwa asemaye mguu wangu unauma, na mnyenyekevu anayejua sana kwamba yeye ni mnyenyekevu anayo tele. Tunapendelea neno umimi, ingawa baadhi ya wazee wetu huliona halina heshima.

Chitta tunaiacha katika Kisanskriti. Neno kumbukumbu halitoshi, kwa sababu chitta huhifadhi hata alama za matendo tuliyokwisha kuyasahau, zinazoitwa samskara. Tukitaka kuieleza kwa vijana wetu, tunawaonyesha makorongo ya Uluguru: mvua ya mwaka huu hushuka kwa kufuata mifereji iliyochimbwa na mvua za zamani, na kila inaposhuka huizidishia kina.