Idadi ya Watoto Darasani: Kutoka Chuoni hadi Skuli za Ghorofa

Tunapotaja utamaduni wa taifa letu, ndimi zetu hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi na mapishi. Ni nadra mtu kutaja namna jamii inavyowaketisha watoto wake wanapofundishwa: wangapi kwa mwalimu mmoja, chini ya paa gani, na kwa saa ngapi. Hata hivyo hilo nalo ni utamaduni, tena ni katika ule unaoacha athari ndefu zaidi, kwani ngoma huisha alfajiri, na mtoto aliyekaa miaka sita nyuma ya darasa bila ya kuulizwa swali hubaki na ukimya ule maisha yake yote.

Nitaanzia Mlandege, mtaa wa Ng'ambo ulio hatua chache kutoka Darajani. Jina hilo la Darajani ni ushahidi wa historia: palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa katika zama za ukoloni, lakini mpaka wenyewe haukufukika upesi. Upande wa mawe palikuwa na majumba, maofisi na skuli za mwanzo. Upande wa pili palikuwa na nyumba za udongo, watu wengi, na vyuo vya Kur'ani karibu kila uchochoro.

Chuo kilikuwa ndiyo skuli ya Mswahili kabla ya skuli. Wageni waliokiandika walikiona ni zogo tu: watoto wa kila umri chumba kimoja, kila mmoja akipaza sauti yake. Hawakuona mpango uliokuwemo. Mwalimu hakusomesha darasa, alimsomesha mtoto. Kila mmoja alikwenda mbele yake na ubao au juzuu yake, akasoma alipofika, akasahihishwa, akarudi mahali pake. Aliyetangulia alimshika mkono aliyechelewa. Kwa hivyo hata watoto wakiwa wengi, hapakuwa na aliyepita siku bila ya sauti yake kusikika na mwalimu au naibu wake. Sidai kwamba chuo kilikuwa pepo. Bakora zilikuwapo, na wapo waliohitimu kusoma bila ya kuelewa. Lakini katika jambo hili la kumjua kila mtoto, chuo kilikuwa na hekima ambayo skuli ilichukua muda mrefu kuitafuta.

Skuli ya Serikali ilikuja na mpango mwengine. Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1907, na kwa miaka mingi skuli zake hazikuwa na shida ya msongamano, kwani wazee wengi, hasa wa mashamba, waliziepuka. Waliogopa watoto wao wasipotezwe dini. Kur'ani ilipotiwa katika ratiba za skuli hofu ile ilipungua, lakini nafasi hazikuongezeka kwa kadiri ya hamu. Jumuiya za Kihindi zilikuwa na skuli zao, wamishionari walikuwa na zao, na mtoto wa Ng'ambo au wa shamba alipata kilichobaki. Madarasa yalikuwa na nafasi kwa sababu waliobaki nje walikuwa wengi. Hili nalisisitiza, kwa kuwa wapo wanaoikumbuka nidhamu ya madarasa yale ya zamani kana kwamba ilikuwa tunda la busara. Lilikuwa tunda la mlango mwembamba.

Mlango huo ulifunguliwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote, na skuli za jumuiya zikatwaliwa na Serikali. Tarehe hiyo tunaiadhimisha kila mwaka kwa matamasha. Lakini tangazo ni la siku moja, na jengo ni la miaka. Watoto waliingia kwa wingi wakati ambapo walimu wengi wa zamani walikuwa wameondoka nchini, na wapya walilazimika kufunzwa kwa haraka. Msongamano tunaoulalamikia leo ulizaliwa hapo, na mzazi wake ni haki. Ndiyo maana jitihada yoyote ya kupunguza idadi darasani inapimwa kwanza kwa sharti moja: isimrudishe mtoto yeyote nje ya mlango.

Dawa ya mwanzo ilikuwa mikondo miwili. Jengo moja, asubuhi kundi hili, mchana kundi lile. Mimi ni mtoto wa mkondo wa mchana, na wa rika langu watanielewa nikisema kwamba hisabu ya saa nane, chini ya bati, si hisabu ya saa mbili asubuhi. Mkondo ulizidisha vyumba bila ya kununua tofali hata moja, na kwa hilo unastahili shukurani. Lakini ulikata vipindi, ukamfanya mwalimu mmoja afanye kazi ya wawili, na ukavuruga mapatano ya miaka mingi baina ya skuli na chuo. Mtoto wa asubuhi huenda chuoni alasiri. Wa mchana huenda asubuhi. Na kila mkondo ukibadilishwa, ustadhi hupoteza nusu ya wanafunzi wake na kupata wengine asiowajua.

Dawa ya pili walikuja nayo wananchi wenyewe. Wanakijiji walichimba msingi, wakabeba mawe na mchanga, wakapandisha kuta hadi usawa wa linta. Serikali, mara nyingi kwa msaada wa nchi rafiki kama vile Sweden, ikaezeka, ikatia milango na sakafu. Ukizunguka Unguja utaona skuli nyingi zilizojengwa kwa mtindo huo. Utaona pia kuta zilizongojea bati mpaka nyasi zikaota ndani. Kuta hizo zinasikitisha kuliko kiwanja kitupu, kwani kila jiwe lake lina jasho la mtu.

Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilipunguza miaka ya msingi kutoka saba hadi sita, na ikaiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Kwa mtazamaji wa haraka darasa la saba liliacha chumba kitupu. Kwa hakika watoto wadogo wa maandalizi walikuwa mlangoni wakikingojea. Kisha mwaka 2015, katika uongozi wa Rais Ali Mohamed Shein, michango ya wazee katika skuli za msingi iliondolewa. Lilikuwa jambo jema, na kama mambo mema yote ya elimu, liliongeza watoto.

Takwimu za sensa zinaeleza yaliyobaki. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Mwaka 2022 tulihesabiwa 1,889,773. Hao ni watu 586,204 zaidi katika miaka kumi. Fundi mwashi hushindana na mkunga, na mkunga hana likizo. Na watu hawa hawakuongezeka Mlandege. Watoto na wajukuu wa mtaa huu walihamia Wilaya za Magharibi, kwenye viwanja vipya, ambako nyumba zilitangulia na skuli zikafuata nyuma. Huko ndiko madarasa yalikofurika kuliko mahali pengine. Mjini nako pana shida yake: viwanja ni finyu, na ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, huwezi kuvunja ukuta kwa kuwa umepata watoto zaidi.

Ardhi ikikosekana chini, hutafutwa juu. Serikali ya Awamu ya Nane ya Rais Hussein Ali Mwinyi, iliyoingia Novemba 2020, ilichagua njia ya skuli za ghorofa, na ikaweka shabaha inayotajwa kila jengo linapofunguliwa: wanafunzi 45 kwa darasa, na mkondo mmoja tu. Sehemu ya fedha ilitokana na mkopo wa dola milioni 567 ambao Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Tanzania Septemba 2021 kukabiliana na athari za UVIKO-19. Mgao wa Zanzibar ulikwenda pia katika madarasa. Maradhi yaliyofunga skuli yakalipia ujenzi wake: mshairi hawezi kuipita kejeli hiyo bila ya kuitupia jicho.

Sasa tuipime 45 kwa hesabu ya kipindi. Kipindi cha dakika arubaini kina nukta 2,400. Darasa la watoto 80 humpa kila mmoja nukta 30, iwapo mwalimu hatapumua wala kuandika ubaoni. Darasa la 45 humpa nukta 53. Si nyingi, lakini zinatosha mtoto kusoma sentensi mbili na kusahihishwa moja. Madaftari ndiyo yenye kusema zaidi: dakika mbili kwa kila daftari la watoto 80 ni dakika 160, zaidi ya saa mbili na nusu kwa somo moja, kwa 45 ni saa moja na nusu. Mwalimu mwenye mzigo wa kwanza hasahihishi, huweka alama ya vyema na kufunua ukurasa. Tusimlaumu.

Ila tofali halisomeshi. Ukiligawa darasa la 90 kuwa mawili ya 45, umehitaji mwalimu wa pili, na chumba chake hupatikana upesi kuliko yeye. Ukiondoa mkondo wa mchana, umehitaji vyumba maradufu katika asubuhi ileile. Na skuli ya ghorofa ina mahitaji ambayo kibanda cha bati hakikuwa nayo: maji yapande juu, vyoo visafishwe kila siku, ngazi zilindwe watoto wasisukumane. Kila bajeti ya Wizara itakayosomwa Barazani kuanzia sasa itazamwe kwa mafungu hayo mawili, la ajira za walimu na la matunzo ya majengo, kwani sherehe za ufunguzi hazina tabu ya kupata fedha.