Siku Baleti Ilipomwambia Kimathi Asubiri

Wasee, wiki hii nimeulizwa swali moja mara nyingi mpaka nimeamua kulijibu kwa maandishi, kwa sababu video ya sekunde tisini haitoshi. Nilisema ningependa kuona tamasha la familia la okestra hapa Machakos. Fidla na tarumbeta nyuma, wacheza baleti mbele, na msimulizi mmoja pembeni anayeeleza hadithi kwa lugha mbili, mtoto aelewe na nyanya yake aelewe. Basi! Nikaambiwa hivyo ni vitu vya wazungu. Nikaambiwa Wakamba tuna ngoma zetu. Mmoja akanishauri nirudi chuo kwanza. (Niliacha chuo mwaka wa pili, ndiyo. Maktaba hazijanifukuza.)

Sikubaliani nanyi, lakini hiyo hasira yenu naielewa, na ina tarehe yake. Nitaifikia. Wacha kwanza nimalizane na hii habari ya "vitu vya wazungu", kwa sababu watu wanaongea kama baleti na okestra ni vitu vilivyoshuka na Nuhu.

Tamasha la aina hii, lenye msimulizi na watoto mbele, ni changa kuliko mnavyodhani. Mfano wake maarufu kabisa, Peter and the Wolf, ulitoka Moscow mwaka wa 1936. Kulikuwa na mama mmoja, Natalia Sats, aliyeongoza ukumbi wa maigizo wa watoto. Alimwendea mtunzi Sergei Prokofiev akamwomba kazi ambayo ingewafundisha watoto ala za okestra bila kuwachosha. Prokofiev akatunga muziki, na maneno akayaandika mwenyewe. Kila mhusika akapewa sauti yake. Ndege ni filimbi. Bata ni oboe, ambayo mtu wa Pwani akiisikia atasema hii ni binamu ya nzumari, na hatakuwa amekosea sana, maana zote mbili hupulizwa kwa ulimi wa tete. Paka ni klarineti, babu ni basuni ile nzito, na bunduki za wawindaji ni ngoma. Mbwa mwitu amepewa pembe tatu zinazolia pamoja, na zikilia hata mtu mzima hujikunja kidogo kwenye kiti.

Katikati ya hayo yote kuna mtu anayesimulia. Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Muziki hauna lugha ya kutafsiriwa, lakini maneno ya msimulizi hutafsiriwa kila kazi hii inapokwenda, na ndiyo maana watoto wa nchi nyingi wanaijua kama hadithi yao. Mara nyingi pia imechezwa kama baleti. Sats mwenyewe hakufurahia matunda yake kwa muda mrefu. Mwaka wa 1937, wakati Stalin anasafisha nchi, alikamatwa akapelekwa kambini. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Na ile The Nutcracker ambayo kila Desemba mnaiona kwenye filamu za Krismasi? Ilichezwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka wa 1892, na wakosoaji hawakuipenda. Moja ya malalamiko yao ilikuwa ati watoto wamejaa jukwaani. Huko Marekani ilikuja kuwa desturi kubwa ya Krismasi baada ya George Balanchine kuitengeneza upya New York mwaka wa 1954. Susu yangu alikuwa ameshazaliwa. Kwa hivyo mtu akikwambia hii ni mila ya kale ya wazungu, mwambie kuna susu pale Kangundo aliyeitangulia.

Sasa tuje nyumbani, kwa ile hasira.

Kenya National Theatre ilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1952. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Yaani watu wanasombwa kwa malori kupelekwa vizuizini, na upande mwingine wa mji kuna jukwaa jipya lenye taa na pazia. Pale jirani ni Conservatoire, shule ya muziki iliyoanza 1944, na Nairobi Orchestra nayo ilizaliwa miaka hiyo hiyo ya arobaini. Sisemi waliopiga fidla walikuwa watu wabaya. Nasema mlango ulikuwa na upande wa ndani na upande wa nje, na babu zetu walijua wako upande gani.

Uhuru ukaja 1963. Mlango ulibaki vile vile kwa muda mrefu kuliko tunavyofundishwa shuleni. Mwaka wa 1976 Kenya ilikuwa inajiandaa kwa FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977. Michezo miwili ilichaguliwa kutuwakilisha: Betrayal in the City wa Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Wakaomba jukwaa la taifa mwezi wa Oktoba, mwezi wa kuwakumbuka mashujaa.

Wakaambiwa limeshachukuliwa. Mojawapo ya maonyesho yaliyokuwa yamelichukua ilikuwa baleti kutoka Ufaransa, Jeune Ballet de France. Jingine lilikuwa mchezo wa kuchekesha wa muziki kutoka Broadway, ulioletwa na kundi la wazungu wa hapa mjini. Kimathi akapata siku chache, akabanwa katikati kama abiria wa nne kwenye kiti cha watatu.

Soma hiyo tena polepole. Nchi ina miaka kumi na tatu ya uhuru. Mtu aliyenyongwa kwa ajili yake anatafuta nafasi kwenye jukwaa linaloitwa la taifa, na baleti inamwambia asubiri.

Ngũgĩ aliandika baadaye kwamba yeye na mwelekezi wa mchezo, Seth Adagala, waliitwa makao makuu ya CID kuulizwa kwa nini wanasumbua maonyesho ya Wazungu. Lakini ile michezo ikaonyeshwa, na ukumbi ukajaa. Anasimulia kwamba mchezo ulipokwisha, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, watu wakainuka wakawafuata, wimbo ukatoka nje mpaka barabarani. Mimi kila nikipita pale karibu na Norfolk huwa nawaza hiyo picha. Watu wamevaa nguo za kutoka jioni, wanacheza kwenye lami.

Kwa hivyo nyinyi mnaoniambia baleti si yetu, mna haki ya kukumbuka 1976. Ila kuna jambo moja mnaliruka. Mchezo wa Kimathi wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilikuja baadaye. Susu yangu angepewa tiketi ya bure siku ile, angekaa pale na kuelewa nyimbo tu. Jukwaa lilikuwa limetekwa usiku ule, lakini lugha ilikuwa bado inawaacha watu nje.

Ngũgĩ aliliona. Mwaka uliofuata alikwenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanakijiji wakatengeneza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikafuta leseni, na mwaka ulipofunga Ngũgĩ alikuwa kizuizini, Kamiti. Hapo ndipo namkumbuka Natalia Sats. Serikali mbili tofauti kabisa, na wote wawili walikuwa watu wa jukwaa waliotaka watu wa kawaida waelewe.

Mwaka wa 1982 ndio unaonigusa zaidi, na hauongelewi vya kutosha. Kamĩrĩĩthũ walitengeneza Maitũ Njugĩra, onyesho la nyimbo, densi na maigizo, lenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Mpango ulikuwa kuonyesha National Theatre, Februari. Walipofika walikuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kwa mazoezi, na watu walijaa kutazama hayo mazoezi mpaka nayo yakasimamishwa. Mwezi uliofuata ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Tulikuwa karibu kupata tamasha letu kubwa la muziki la lugha nyingi, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na lilifia getini.

Sasa ona historia inavyocheza. Jengo lile lile, Kenya National Theatre, siku hizi kila mwisho wa mwaka lina watoto wa Kenya wanaocheza The Nutcracker, kupitia shule ya Dance Centre Kenya. Wengine wanatoka mitaa ya mabanda. Joel Kioko alilelewa Kuwinda, na darasa lake la kwanza la baleti lilikuwa chumba cha shule ya umma, madawati yametolewa nje, kioo hakuna. Baadaye alipata nafasi English National Ballet School, London. Kioko, wasee. Hilo jina sihitaji kuwaeleza linatoka wapi. Na upande wa ala kuna Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge Korogocho mwaka wa 2008, karibu na lile dampo la Dandora. Watoto wa pale wanapiga chelo na trambone.

Je, hiyo inafuta 1976? Hapana. Lakini mtu akisema leo baleti ni ya wazungu, anamnyang'anya Kioko kitu alichokitolea jasho. Mimi siwezi kufanya hivyo.

Na hapa Ukambani, tusijifanye tunaogopa densi ngumu. Waone vijana wa ngoma ya Kikamba wanavyoruka sarakasi, ngoma ndefu zimebanwa kati ya magoti, filimbi ya mdomoni inaamuru kila hatua. Mwalimu wa baleti akiona vile miguu inatua pamoja atatoa daftari. Ala za kigeni pia tulishazimeza zamani. Pwani walichukua tarumbeta na gwaride la wazungu tangu enzi za mwanzo za ukoloni wakatengeneza beni, mitaa ikashindana, na densi ikasambaa mpaka bara. Zanzibar kundi la Ikhwani Safaa limekuwa likipiga taarabu tangu 1905, na ukiona fidla zimepangwa safu kwenye taarabu ile ya okestra hutauliza tena kama fidla ni yetu. Kwetu kulikuwa na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Jina wamelichukua kwa mlima ule ule unaouona ukiwa Matungulu. Kakai aliimba Kikamba, akaimba na Kiswahili, na santuri zake zikauzwa mbali sana na Ukambani. Alifariki 1987 na bado hakuna sherehe Kangundo inaisha bila yeye.

Kakai alielewa jambo ambalo waandaaji wengi wa matamasha hawajalielewa. Nimehudhuria hafla kadhaa zilizotangazwa kuwa za lugha mbili. Kiswahili kinapewa "Hamjambo watoto?", watoto wanajibu "Hatujambo!", halafu Kiingereza kinakalia kiti mpaka mwisho. Hiyo ni salamu, si lugha ya pili.

Fikiria nani angekuja Machakos. Binamu zangu wadogo wanaishi Mlolongo. Ni kaunti hii hii, lakini Kikamba chao kinaishia kwa chakula na matusi. Susu yangu hana Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha soko. Hao wawili wakikaa pamoja, kuna mambo mengi hawawezi kuambiana. Mimi ningesimulia kwa Kikamba na Kiswahili. Kiingereza kikae nyumbani siku moja, hakitakufa. Sentensi moja Kikamba, inayofuata Kiswahili, na tusirudie kila kitu neno kwa neno kama tangazo la ndege. Mtoto akipotea kwenye Kikamba amwangalie susu. Susu akipotea kwenye Kiswahili cha kitabu amwangalie mtoto.

Na mbwa mwitu hatumhitaji. Profesa John Mbiti wa Kitui alitoa kitabu cha Akamba Stories mwaka wa 1966, na ngano za Kikamba zimejaa wanyama wenye tamaa na wenye akili. Jina lake mwenyewe kwa Kikamba ni fisi. Zile pembe tatu za Prokofiev mpe fisi uone. Ukumbi wa wazi upo pale People's Park, matatu zinafika, na jua likishuka nyuma ya vilima hata taa nyingi hutahitaji.

Mtoto wa Mlolongo asikie pembe, amshike susu mkono, amuulize ni nani huyo anakuja. Susu atamjibu kabla msimulizi hajafungua mdomo: "Nĩ mbiti."