Kinga ya VVU na Haki ya Usiri: Huduma za Afya kwa Wanawake na Makundi Yaliyo Hatarini Nchini Kenya

Kila mtu nchini Kenya ana haki ya kupata huduma za kuzuia, kupima na kutibu Virusi vya Ukimwi (VVU). Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakibagui mwanamke na mwanamume, wala hakiulizi mtu anavutiwa kimapenzi na nani. Makala haya yanaeleza huduma zilizopo, wanaofaidika nazo zaidi, na ulinzi ambao sheria inampa mteja anapoingia katika chumba cha mhudumu wa afya.

Hali ya maambukizi

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini alitambuliwa mwaka wa 1984. Novemba 1999 Serikali ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa, na tangu 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi zimekuwa zikitolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Mzigo wa maambukizi haujawahi kugawanyika sawasawa. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na VVU. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 6.6, zaidi ya maradufu ya asilimia 3.1 ya wanaume. Takwimu za 2011 kuhusu makundi yaliyo katika hatari kubwa, ambazo zimetumiwa kwa miaka mingi katika mipango ya kitaifa, zilionyesha kiwango cha asilimia 18.2 miongoni mwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, na asilimia 29.3 miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono.

Makundi hayo hayaishi kisiwani. Wako wanaume wenye wapenzi wa kiume ambao pia wana wake, na wako wanawake wenye wapenzi wa kike waliowahi kuwa na waume. Anayekosa huduma kwa kuogopa kudharauliwa huwa hakuachwa peke yake na hatari hiyo. Mwenzake pia amekosa kinga.

Kupima

Upimaji ni wa hiari. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, matibabu, bima au huduma nyingine. Mteja hupewa ushauri nasaha kabla na baada ya kipimo.

Tangu 2017 vifaa vya kujipima nyumbani pia vimeruhusiwa. Majibu ya kujipima yanayoonyesha kuwepo kwa VVU si ya mwisho; ni lazima yathibitishwe katika kituo cha afya. Majibu yasiyoonyesha virusi nayo yanaweza kutoonyesha maambukizi ya siku au wiki chache zilizopita. Aliyekuwa katika hatari hivi karibuni anashauriwa kurudia kipimo.

Dawa za kinga kabla ya hatari

Mtu asiye na VVU anaweza kutumia dawa za kinga zinazojulikana kama PrEP. Kenya ilizindua matumizi yake kitaifa Mei 2017. Kabla ya kuanza, mhudumu huthibitisha kuwa mteja hana VVU na kuangalia hali ya figo panapohitajika. PrEP haizuii mimba wala magonjwa mengine ya zinaa, hivyo kondomu bado inahitajika. Vilainishi vinavyotumiwa na kondomu za mpira viwe vya maji. Mafuta ya mgando, ya nazi na ya kupikia huzidhoofisha zikapasuka.

Ubora wa vidonge hivi ulithibitishwa hapa Afrika Mashariki. Utafiti wa Partners PrEP, uliofanywa Kenya na Uganda kwa jozi 4,747 za wapenzi ambao mmoja wao alikuwa na VVU, ulionyesha kuwa kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Hata hivyo, utafiti wa FEM-PrEP, uliowahusisha wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, haukuonyesha faida yoyote. Vipimo vya damu vilieleza sababu: chini ya asilimia 40 ya wanawake waliochunguzwa walikuwa wametumia dawa hiyo siku za karibuni. Kidonge kilikuwa cha aina ileile. Katika utafiti wa kwanza wapenzi wote wawili walijua sababu ya kukitumia, na wengi walikitumia kila siku.

Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kidonge kimoja kila siku, kwa siku saba kabla ya kutegemea kinga kamili. Wanaume wanaweza kuanza kwa vidonge viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kisha kimoja kila siku hadi siku mbili baada ya tendo la mwisho. Utaratibu huo mfupi hauwahusu watu waliobadili jinsia wanaotumia homoni za estrojeni. Hao wanashauriwa kumeza kila siku. Mhudumu hawezi kutoa ushauri sahihi iwapo mteja ameona haya kutaja homoni anazotumia.

Kwa asiyeweza kuweka vidonge nyumbani bila kuulizwa maswali, sayansi imeleta njia nyingine. Pete ya dapivirini, ambayo mwanamke huivaa ukeni kwa mwezi mmoja, ilipendekezwa na WHO mwaka wa 2021. Sindano ya kabotegraviri, inayodungwa kila miezi miwili baada ya dozi za mwanzo, ilipendekezwa 2022. Utafiti wake kwa wanawake wa Afrika ulihusisha pia wanawake wa Kisumu. Sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, ilipendekezwa Julai 2025. Upatikanaji wa njia hizi hutofautiana, na mteja anashauriwa kuuliza kituoni.

Baada ya hatari

Aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu au aliyechomwa na sindano iliyotumika anapaswa kufika kituoni mara moja. Dawa za dharura zinazoitwa PEP huanzishwa ndani ya saa 72, na huendelea kwa siku 28. Kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.

Kwa mhanga wa dhuluma ya kingono, huduma hizo huambatana na kinga ya mimba ndani ya saa 120, matibabu ya magonjwa ya zinaa, ushauri nasaha na ukusanyaji wa ushahidi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema gharama za matibabu na ushauri huo zitabebwa na Serikali. Matibabu yasisubiri taarifa ya polisi. Msaada wa simu bila malipo hupatikana kwa nambari 1195.

Matibabu ni kinga

Anayeishi na VVU na ambaye dawa zimeshusha virusi hadi kiwango kisichoonekana katika kipimo haambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa 2019, ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume ambao mmoja wao alikuwa na VVU na akitumia dawa. Hapakupatikana hata ambukizo moja kutoka kwa mwenza huyo.

Kwa mama mjamzito, bila dawa uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa dawa zinazotumiwa ipasavyo wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha, hushuka hadi chini ya asilimia 5. Ndiyo sababu mama hupimwa VVU na kaswende katika hudhurio la kwanza la kliniki.

Mahitaji yanayosahaulika

Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. WHO inashauri aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25. Mwanamke mwenye mpenzi wa kike naye anahitaji uchunguzi huo. Virusi vinavyosababisha saratani hiyo huambukizwa pia kati ya wanawake, na mara nyingi huambiwa kimakosa kuwa hayumo hatarini.

Kisonono na klamidia za njia ya haja kubwa au kooni huweza kukaa bila dalili. Mwanaume aliyepimwa mkojo pekee, kwa kuwa hakuthubutu kueleza historia yake, anaweza kuondoka na majibu mazuri huku akibaki na ugonjwa.

Sheria inasema nini

Mara nyingi mteja hubaki nyumbani kwa kuogopa sheria. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaharamisha vitendo vya ngono kati ya watu wa jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo, haki ya matibabu haikuondolewa. Machi 2018, Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa iliamua kuwa kumlazimisha mtu kufanyiwa uchunguzi wa njia ya haja kubwa ili kupata ushahidi ni kinyume cha sheria.

Katiba, katika kifungu cha 31, inalinda faragha. Kifungu cha 22 cha sheria ya Ukimwi ya 2006 kinakataza kufichua majibu ya mtu bila idhini yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Masharti hayo ya usiri yanawahusu wateja wote. Anayenyimwa huduma, anayebaguliwa au anayefichuliwa anaweza kumweleza msimamizi wa kituo, au kuwasilisha malalamiko mbele ya jopo la VVU na Ukimwi lililoundwa chini ya kifungu cha 25 cha sheria hiyo.

Mabadiliko ya 2025

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na maelekezo ya Februari yaliruhusu fedha zake kugharimia PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Vituo maalumu vilivyohudumia makundi yaliyo hatarini, vingi vikiendeshwa na mashirika yasiyo ya kiserikali, viliathirika. Serikali nayo imekuwa ikiunganisha huduma za VVU na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Kwa mabadiliko hayo, mteja aliyezoea kituo ambako hakuna aliyemshangaa sasa anapanga foleni pamoja na jirani zake. Usiri uliotunzwa na kuta za kituo maalumu sasa unamtegemea karani wa mapokezi, muuguzi, mfamasia na mtunza kumbukumbu. Jina lisiitwe pamoja na ugonjwa, faili isiachwe wazi mezani, na mazungumzo yafanyike nyuma ya mlango uliofungwa.

Wananchi wanahimizwa kufika katika kituo cha afya kilicho karibu, kuuliza kuhusu kipimo, PrEP na PEP, na kumweleza mhudumu ukweli wote unaohusu afya yao. Mhudumu anatakiwa na sheria kuitunza siri hiyo.