Santuri za Tanga Zilizotoka Mombasa

Anayeshuka kutoka Lutindi hadi Korogwe huikuta reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Reli hiyo ilipeleka mkonge bandarini. Muziki wa mkoa huu, kwa upande wake, ulilazimika kuvuka mpaka ili upate kuwa santuri, na jambo hilo ni la kisiasa kuliko tunavyopenda kukiri.

Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, viliachana na safu za fidla kama za Unguja, vikashika gitaa, besi na ngoma, na taarabu ikawa ya kuchezeka. Sauti ya Shakila Saidi ilienea pwani nzima. Lakini Tanzania, ambayo ikiwa bado Tanganyika iliunda Wizara ya Utamaduni mwaka 1962 kwa hotuba nzito, haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Redio Tanzania ilirekodi kwa wingi. Kanda zikabaki maktabani, na msikilizaji akangoja hiari ya mtangazaji.

Pengo hilo lilizibwa na duka. Assanand na Wanawe, wafanyabiashara wa Mombasa, walikuwa na lebo yao ndogo, Mzuri, nayo ndiyo iliyozitoa nyimbo za Tanga. Tusiwatukuze kupita kiasi: walitafuta faida, na santuri ilikuwa na masharti yake. Harusini wimbo hurefuka kadiri watunzaji wanavyoinuka na noti zao. Upande mmoja wa santuri ndogo ulimezwa na dakika chache tu. Beti zikapunguzwa, na kwa wengi wetu toleo lililofupishwa ndilo likawa wimbo wenyewe. Hata hivyo, mwenye gramafoni aliweza kuumiliki, jambo ambalo hazina ya umma haikumwezesha.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukafunguliwa Novemba 1983. Kwa biashara iliyoishi kwa kuvuka Horohoro, hiyo ni miaka mingi.

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya rekodi hizo katika albamu iitwayo Nyota. Sheria yetu ya sasa ya hakimiliki ilitungwa miaka kumi baadaye, 1999, wakati wengi wa wapigaji walikuwa wamekwisha kuzeeka. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, kanda za redio ziko mikononi mwenu: warithi wa waimbaji wanalipwa nini zinapopigwa?